Gari la Porini: Gia za Mkono au Otomatiki?

Kuna usemi uliozoeleka sana hapa Pwani, utausikia kwenye vijiwe vya mafundi na kwenye baraza za kahawa: gari la porini ni la gia za mkono, na otomatiki ni la watu wa mjini wanaopeleka watoto shule. Usemi huo una nusu ya ukweli. Nusu iliyobaki ni mazoea tuliyorithi kwa madereva wa Land Rover za zamani, enzi ambazo otomatiki zilikuwa chache na fundi wa kuzifungua ni wa kutafutwa kwa tochi.

Nimeendesha aina zote mbili kwa miaka mingi kwenye njia zetu za Magarini, Ganze, Kinango, Tana Delta na Lamu bara. Kila masika yakikaribia huwa napigiwa simu na watu wanaotaka kununua gari, na swali lao la kwanza ni hilo hilo. Makala haya ni jibu langu kwa wote, nimelipanga hatua kwa hatua ili mwenye pesa mkononi aweze kulipima mwenyewe.

Msimamo wangu nausema mapema. Otomatiki nzuri hupita mahali pengi ambapo tunaamini haipiti, na kwenye mchanga hulishinda gari la mkono. Lakini gari halinunuliwi kwa ajili ya siku linapopita peke yake. Hununuliwa pia kwa ajili ya siku litakapoharibika. Kwa kijiji kilicho saa nne kutoka kwa fundi, siku hiyo ndiyo inayoamua.

Nasema hivyo kwa sababu kwa wengi wetu gari hili si la starehe. Ndilo linalombeba mama mwenye uchungu usiku kumpeleka hospitali ya Mpeketoni au Malindi. Ndilo linalotoa samaki kabla barafu haijayeyuka, na maembe kabla hayajaoza. Likikosewa kuchaguliwa, atakayelipa gharama si mnunuzi peke yake.

Gari la porini ni lipi

Tuanze kwa kuondoa yasiyohusika. Gari la porini, kwa maana ya makala haya, ni lile lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne na lenye mpini au kitufe cha pili cha kuchagua gia nzito, ile inayoandikwa 4L. Gia hiyo hupunguza mwendo kwa kiasi cha mara mbili hadi mbili na nusu na kuongeza nguvu ya kuzungusha magurudumu kwa kiasi hicho hicho. Land Cruiser, Prado, Hilux, Land Rover Defender ya zamani na Suzuki Jimny zote ziko katika kundi hili.

Matoleo mengi ya Nissan X-Trail na Subaru Forester yaliyojaa barabarani hayamo. Yana nguvu kwenye magurudumu manne, lakini hayana 4L, na giaboksi zake nyingi ni za aina ya CVT, ambayo haina gia za kuhesabika. Ndani yake kuna mkanda au mnyororo wa chuma unaopanda na kushuka kati ya puli mbili. Ni giaboksi nzuri kwa lami na kwa barabara ya vumbi iliyosawazishwa. Ukiitia kwenye mchanga mzito kwa nusu saa, hupata joto na kompyuta huikatia nguvu. Kwa hiyo mtu akikwambia otomatiki yake ilishindwa porini, muulize kwanza ilikuwa ya aina gani.

Zinavyofanya kazi

Kwenye gari la mkono, kati ya injini na giaboksi kuna klachi, yaani sahani inayobanwa kwenye gurudumu zito la injini. Ukikanyaga pedali sahani huachia na nguvu hukatika. Ukiachia pedali, hushika tena. Mambo mawili yanatokana na hapo. Kila unapobadilisha gia, nguvu hukatika kwa muda mfupi. Na kila unapoishikilia klachi nusu nusu, sahani huteleza, hupata moto na huliwa.

Kwenye otomatiki ya kawaida hakuna pedali ya klachi. Pahali pake kuna chombo cha mviringo kilichojaa oili, ambacho mafundi hukiita konvata. Upande mmoja unazungushwa na injini na kurusha oili, na upande wa pili unasukumwa na oili hiyo. Kwa kuwa kinachosukumana ni oili, gari linaweza kusimama huku injini inavuma bila kuzima, na linapoanza kuondoka konvata huizidisha nguvu ya injini hadi kiasi cha mara mbili. Ndiyo maana otomatiki huondoka taratibu na kwa nguvu, bila mshtuko.

Hili si jambo la juzi. General Motors ya Marekani ilianza kuuza magari ya Oldsmobile yenye giaboksi ya otomatiki ya Hydra-Matic mwaka 1939, na katika Vita Vikuu vya Pili giaboksi hiyo ikatiwa kwenye vifaru vyepesi vya M5 Stuart. Jeshi lililoendesha vifaru vya otomatiki kwenye matope ya Ulaya halikuwa likipeleka watoto shule.

Mchanga

Mchanga ndio mtihani wetu wa kwanza hapa Pwani, kuanzia njia za mashambani Magarini hadi matuta ya Mambrui na Kipini. Mchanga hautaki nguvu ya ghafla. Unataka mwendo usiokatika. Dereva wa gari la mkono akiingia kwa gia ya tatu, akaona injini inalemewa na kurudi gia ya pili, ile sekunde moja ya kukanyaga klachi inatosha kulisimamisha gari. Likishasimama, kuliondoa ni kazi nyingine: ukiachia klachi haraka magurudumu yanachimba, ukiiachia polepole sahani inaungua, na harufu yake utaisikia.

Otomatiki haina tatizo hilo. Hubadilisha gia bila kukata nguvu, na ikisimama huondoka kwa kusukumwa na oili, taratibu, magurudumu yakishika kabla hayajaanza kuchimba. Kwa dereva asiye mzoefu tofauti hii ni kubwa sana. Nimeona kijana wa wiki chache barabarani akipitisha Prado la otomatiki mahali ambapo madereva wa miaka kumi walikuwa wakichimba kwa koleo.

Yapo masharti. Shusha upepo wa tairi, kutoka 32 au 35 hadi kati ya 15 na 18 psi, na uwe na pampu ya kuurudisha kabla ya kupanda lami. Usikate kona kwa nguvu upepo ukiwa chini, tairi inaweza kutoka kwenye rimu. Shikilia gia ndogo kwa mkono kwenye 2 au L ili giaboksi isipande na kushuka ovyo. Na usiifanye fuo kuwa barabara: kasa hutaga hapo, na chumvi hula mabomba ya oili ya giaboksi pamoja na kila chuma kilicho chini ya gari. Ukilazimika kupita, osha chini kwa maji matamu siku hiyo hiyo.

Sharti la upepo lina uzito kuliko aina ya gia. La mkono lenye tairi za psi 16 litalipita la otomatiki lenye psi 35 kila siku.

Matope

Udongo mweusi wa Tana Delta, na ule wa baadhi ya sehemu za Kinango, ni adui mwingine kabisa. Ukilowa hujaza meno ya tairi hadi tairi inakuwa kama chupa. Hapa aina zote mbili zinakaribiana. La mkono linakupa uhuru wa kuchagua gia moja, kwa kawaida ya pili kwenye 4L, na kubaki nayo bila mtu wa kukubadilishia. Otomatiki inakupa kuondoka kwa ulaini. Gari lenye tairi za matope zenye meno makubwa ndilo litakalopita, liwe la aina gani.

Lipo jambo moja linaloua otomatiki nyingi kwenye matope. Gari likinasa, madereva wetu wana desturi ya kulitikisa mbele na nyuma. Kwenye la mkono hilo ni salama kwa kiasi fulani. Kwenye otomatiki, ukitoa mpini kutoka D hadi R huku magurudumu bado yanazunguka, sahani ndogo zilizo ndani ya giaboksi hugongana na mzunguko wa kinyume na huungua. Ondoa mguu kwenye mafuta, kanyaga breki hadi magurudumu yasimame, kisha badilisha. Kama baada ya mara tatu nne halijatoka, chukua koleo na mbao. Giaboksi ni ghali kuliko jasho.

Mawe, milima na miteremko

Kupanda mlima wa mawe kwa polepole, kama zile njia za pembeni kule Taita, ni kazi nyepesi kwa otomatiki. Unaweza kupanda jiwe, ukasimama juu yake, ukaangalia mbele, kisha ukaendelea, yote kwa mguu wa breki na wa mafuta. Kwenye la mkono dereva anahitaji miguu mitatu.

Likikuzimia mlimani, la mkono lina utaratibu wake. Usiikanyage klachi. Shika breki, tia gia ya nyuma, achia klachi, kisha washa injini gari likiwa ndani ya gia hiyo na uachie breki taratibu. Litashuka kwa kushikwa na injini. Anayekanyaga klachi katikati ya mlima anaachia kamba ya mbuzi. Magari mengi ya kisasa hayakubali kuwaka bila klachi kukanyagwa, kwa hiyo jaribu jambo hili pahali tambarare kabla hujalihitaji.

Kwenye kushuka mambo yanageuka. La mkono likiwa gia ya kwanza ya 4L limefungwa moja kwa moja na injini, na hushuka kama linavyotembea mzee na mkongojo wake. Otomatiki ya zamani huteleza kidogo kwenye oili, kwa hiyo hukimbia zaidi na breki hupata moto. Baadhi ya magari mapya yana mfumo wa kudhibiti mteremko unaobana breki wenyewe. Unafanya kazi vizuri, mradi sensa zake ni nzima.

Maji

Kwanza usalama: laga lenye maji yanayokwenda kasi halivukwi. Maji ya kina cha sentimita 60 yanatosha kuyabeba magari mengi, yakiwemo makubwa. Hakuna giaboksi inayobadilisha hilo, na hakuna abiria anayestahili kufanyiwa majaribio.

Kwa maji yaliyotulia, dereva wa la mkono aingie na gia moja na atoke nayo. Akikanyaga klachi ndani ya maji, maji na mchanga vinaweza kuingia kwenye sahani. Mwenye otomatiki ana hatari nyingine. Giaboksi iliyopata moto ikiingia kwenye maji baridi hupoa ghafla na kuvuta hewa kupitia bomba lake la kupumulia. Kama bomba hilo ni fupi, itavuta maji. Mwambie fundi alirefushe hadi juu karibu na bodi ya injini. Baada ya kuvuka, angalia oili. Ikiwa imekuwa kama maziwa ya strobari, maji yameingia. Usiendelee na safari.

Joto

Joto ndilo muuaji mkubwa wa otomatiki, na sisi tunaishi mahali penye joto. Oili ya giaboksi hufanya kazi vizuri ikiwa kati ya nyuzi 80 na 95 za Selsiasi. Ikipita 120 huanza kuharibika haraka. Kwenye mchanga wa mchana, na mzigo nyuma, kufika huko si ajabu.

Dawa ni tatu. Tumia 4L mapema, kwa sababu huipunguzia konvata kazi. Fungisha rejeta ndogo ya ziada ya oili ya giaboksi mbele ya ile kubwa. Na badilisha oili. Wapo wanaosema oili ya otomatiki haibadilishwi maisha. Kwa gari la lami la kule Japani huenda. Kwa la porini letu, mimi hushauri kila kilomita 40,000, na mara moja kila baada ya kuzama kwenye maji. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari: oili ya Toyota inayoitwa WS si sawa na ile ya Dexron, hata kama zote ni nyekundu. Na weka daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na giaboksi ni mali.

Klachi nayo huungua, lakini inakupa onyo kwa pua. Otomatiki mara nyingi hukaa kimya hadi siku inapokataa.

Siku litakapoharibika

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wangu wasome mara mbili.

Betri ikifa au stata ikikataa, gari la mkono husukumwa. Watu sita, gia ya pili, linawaka. Dizeli ya zamani ya Toyota ya 1HZ, lita 4.2 isiyo na tabo, huhitaji umeme kidogo tu ili iwake. Injini mpya zenye kompyuta zinataka betri yenye uhai, lakini bado kusukuma husaidia stata ikiwa ndiyo mbovu. Otomatiki haisukumwi ikawaka. Bila betri nyingine au waya za kuunganishia, mtabaki hapo hapo. Mwenye otomatiki porini asiondoke bila kifaa cha kuwashia gari kilichojaa chaji.

Likihitaji kuvutwa, la mkono hutiwa nyutro na kuvutwa. Otomatiki nyingi haziruhusu kuvutwa mwendo mrefu magurudumu yakiwa chini, kwa sababu pampu inayolainisha giaboksi huzungushwa na injini, na injini ikiwa imezima vyuma husagana vikavu. Kama kitabu cha gari kinaruhusu, mpini wa pili ukitiwa nyutro gari linaweza kuvutwa. Dereva awe amejifunza hilo kabla ya safari.

Kisha kuna fundi. Klachi ya Land Cruiser inabadilishwa chini ya mwembe na mafundi wawili wenye jeki, magogo na spana, na sahani mpya inaweza kutumwa kwa basi kutoka Mombasa ikafika kesho yake. Giaboksi ya otomatiki haifunguliwi chini ya mwembe. Inataka mashine ya kusoma kompyuta, meza safi na fundi aliyeisomea, na mafundi hao wako mijini. Mara nyingi hata wao hawaitengenezi. Wanakutafutia nyingine iliyotumika kutoka Japani, na bei yake ni mara kadhaa ya klachi.

Niliwahi kuketi na kamati ya kijiji kimoja cha Tana Delta iliyokuwa ikichanga pesa za gari la wagonjwa. Vijana walitaka otomatiki kwa sababu ya mchanga, na walikuwa na hoja. Mzee mmoja akauliza: likikataa usiku wa mvua na mgonjwa yumo ndani, nani kati yetu anajua kulifanya liende? Kimya. Kwenye la mkono, waliojua walikuwa wanne. Wakachagua la mkono, na uamuzi bora zaidi waliouchukua siku hiyo ulikuwa wa pili: kununua sahani ya klachi na beringi yake mapema na kuviweka stoo. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023 yalipokata barabara za Tana River na Lamu, sote tuliona maana ya kuwa na spea upande wako wa maji.

Lakini tuwe waadilifu. Otomatiki iliyobadilishwa oili kwa wakati huharibika mara chache, na haiuliwi kwa urahisi na dereva mbaya. Klachi huuliwa na dereva mbaya kwa wiki moja. Kwa hiyo swali linalofuata ni la mtu.

Nani atashika usukani

Leseni zetu zinatofautisha. Mwenye daraja la B1 anaruhusiwa kuendesha gari dogo la otomatiki. Wa gia za mkono anahitaji B2, na dereva wa kulipwa B3. Mwenye B1 akiendesha la mkono anavunja sheria, na ajali ikitokea kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa. Kama gari ni la familia na nusu ya wanaoendesha wana B1, jambo hilo peke yake linaweza kumaliza mjadala.

Angalia pia afya. Mwenye goti bovu au mgongo wa kulalamika hataweza kukanyaga klachi mia mbili kwa siku. Angalia idadi: gari la dereva mmoja hujulikana na mguu mmoja, gari la madereva watano hufundishwa tabia tano. Penye madereva wengi, otomatiki huvumilia zaidi. Na angalia uchovu. Safari ya usiku kwenye njia mbaya, mikono miwili ikiwa kwenye usukani na macho yakiwa mbele muda wote, ni usalama wa kweli kwa aliyechoka.

Soko lilivyo

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, na usukani lazima uwe kulia. Kwa hiyo mengi yanatoka Japani, na kule karibu magari yote ni otomatiki. Prado la 150, lililoanza mwaka 2009, karibu lote linalokuja kwa njia hiyo ni otomatiki. Jimny jipya lililotoka mwaka 2018 linapatikana kwa aina mbili, gia tano za mkono au otomatiki ya gia nne. Defender ya zamani iliacha kutengenezwa Januari 2016, na mrithi wake ni otomatiki tu.

Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoanza mwaka 1984, ndiyo ngome ya gia za mkono, na pikapu zake huunganishwa hapa hapa Miritini, Mombasa. Hata hivyo, mwaka 2023 Toyota ilitoa toleo la injini ya lita 2.8 lenye otomatiki ya gia sita. Ngome inaanza kufunguliwa mlango. Anayetaka la mkono lililotumika, mara nyingi atalipata kwenye minada ya magari ya serikali na ya mashirika, na hayo huwa yamefanya kazi ngumu. Yapime kwa makini.

Jinsi ya kupima kabla ya kulipa

La mkono: simamisha gari pahali tambarare pasipo na mtu mbele, vuta breki ya mkono kwa nguvu, tia gia ya tatu, kanyaga mafuta kidogo na uachie klachi. Injini ikizima mara moja, klachi ni nzima. Ikiendelea kuvuma bila kuzima, sahani imekwisha. Kanyaga pedali na usikilize: mlio wa kusaga ni beringi. Endesha na ubadilishe hadi gia ya pili haraka. Ikikwaruza, kuna kazi ndani.

Otomatiki: mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, kwa sababu ubovu mwingi hujificha likiwa na joto na mwingine likiwa baridi. Lione likiwaka baridi. Tia D, kisha R. Lisiposhika ndani ya sekunde mbili, ondoka. Kama kuna kijiti cha oili, oili iwe nyekundu na isinuke kama kitu kilichoungua. Funua rejeta injini ikiwa baridi: maji yenye mafuta yanaweza kumaanisha rejeta imepasuka ndani, na oili ya giaboksi na maji vimechanganyika. Endesha kwa nusu saa, kisha rudia yote.

Kwa yote mawili, jaribu 4L, tena juu ya mchanga au udongo, usijaribu kwenye lami. Mpini uliokaa miaka mingi bila kuguswa hugoma.

Ninavyoshauri

Kijiji au kituo cha afya kilicho mbali na mji, chenye madereva waliosomea na fundi wa jua kali karibu: la mkono, na liwe la aina ambayo fundi huyo amewahi kuifungua. Mfanyabiashara wa samaki au mazao anayebeba mzigo mzito kila siku kwenye njia mbovu: la mkono.

Mwenye kampuni ndogo ya kutembeza wageni Malindi, Watamu au Diani, ambaye kazi yake ni mchanga mwingi na hayuko mbali na Mombasa: otomatiki yenye 4L na rejeta ya ziada. Familia ya mjini inayokwenda shamba mara mbili kwa mwezi: otomatiki, bila kuwasikiliza wanaocheka. Familia kama hiyo ikiwa na dereva mmoja mzoefu na bajeti ndogo: Jimny la mkono litawatosha.

Gari la pamoja lenye madereva wengi ndilo gumu kuliko yote. Kama mnaweza kulifikisha kwa fundi wa otomatiki ndani ya siku moja, na mna pesa zilizotengwa za oili, chukueni otomatiki. Kama kimoja kati ya hivyo viwili hakipo, chukueni la mkono na mtumie pesa mtakazookoa kumfundisha kila dereva kuondoka mlimani na mchangani bila kuunguza klachi.

Kabla ya kutia saini, kaeni chini na mwandike majibu ya maswali matatu. Likizima saa nane za usiku mahali pabaya kuliko pote mnapopita, nani atakuwa ndani? Nani atajua la kufanya? Na spea itatoka wapi, kwa njia ipi, ikiwa barabara imefungwa? Majibu hayo yakishakuwa kwenye karatasi, hamtanihitaji mimi kuwaambia mpini uwe wa aina gani.